Barua Pepe Imegoma Kutoka: Soma Kwanza Ulichoandikiwa

Kazi yangu ni kuzunguka ofisi ndogo ndogo za Nairobi nikitengeneza kompyuta. Leo niko kwa mawakili pale Kimathi Street, kesho kwa wakala wa kutoa mizigo forodhani huko Embakasi, keshokutwa kwenye shule moja Kasarani. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Fundi, barua zinaingia vizuri lakini zangu haziendi." Anayepiga huwa ni karani au sekretari, na sauti yake ni ya mtu aliyebanwa. Zabuni inafungwa saa sita mchana na bosi amesimama nyuma ya kiti. Ninaandika haya ili huyo aliyeketi mbele ya kompyuta ajue tatizo liko wapi kabla hajalaumiwa kwa jambo ambalo si lake. Nitazungumzia Thunderbird na Outlook, kwa sababu ndizo programu ninazozikuta mezani kwa watu.

Maneno "zinaingia lakini haziendi" tayari yana nusu ya jibu. Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti, kila moja ina seva yake (kompyuta ya mbali inayohudumia barua), mipangilio yake na nywila iliyohifadhiwa mahali pake. Kupokea hutumia IMAP, inayoziacha barua kwenye seva, au POP, ambayo kwa kawaida huzishusha kwenye kompyuta. Kutuma hutumia SMTP, utaratibu ulioandikwa mwaka 1982, wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na seva haikumuuliza mtumaji yeye ni nani. Kujitambulisha kwa nywila kuliongezwa mwaka 1999, na masharti mengine yakaja baadaye juu ya hayo. Ndiyo sababu upande wa kutuma una vizuizi vingi, na ndio unaogoma kwanza. Kama barua zinaingia, intaneti ipo, kwa hiyo usianze kwa kuzima ruta.

Na tafadhali, usifute akaunti ili uiweke upya. Huu ndio ushauri unaozunguka ofisini kuliko wowote na ndio ninaouogopa zaidi. Ikiwa akaunti ni ya POP, barua zilizomo ndani ya hiyo kompyuta huenda hazipo mahali pengine popote. Kufuta akaunti kwa sababu ya barua moja iliyokataa kutoka kunaweza kuondoka na mawasiliano ya wateja ya miaka mingi.

Badala yake, chukua simu upige picha ule ujumbe wa hitilafu mzima kabla hujabofya OK. Watu huufunga haraka kwa sababu ni mrefu na una maneno ya ajabu. Tafuta ndani yake tarakimu tatu zilizoandamana. Zikianza na 4, seva inasema "sasa hivi siwezi, jaribu tena." Zikianza na 5, inasema "nimekataa," na kubofya "Send" mara kumi hakutabadilisha chochote. Kama hakuna tarakimu tatu kabisa, au Outlook imekupa msimbo mrefu kama 0x80042109, basi mara nyingi mazungumzo na seva hayakuanza: barua imekwama kati ya kompyuta yako na seva. Hapo ndipo nitaanzia.

Pale unapoona maneno kama "timed out" au "could not connect", washa hotispoti ya simu yako, unganisha kompyuta kwenye bando la simu, halafu tuma barua fupi ya majaribio. Jaribio hili halimalizi dakika mbili na linaamua mengi. Ikienda, mipangilio yako inafanya kazi na kizuizi kiko kwenye mtandao wa ofisi. Ikigoma pia, angalia jina la seva ya kutuma na namba ya poti, yaani mlango ambao barua hupitia kuingia kwenye seva.

Poti ndiyo inayowaumiza wengi. Kuna tatu unazoweza kukuta: 25, 465 na 587. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva. Kampuni nyingi za intaneti duniani huifunga kwa wateja wa kawaida, kwa kuwa kompyuta zilizoambukizwa virusi huitumia kumwaga barua taka. Ofisi iliyowekewa akaunti zamani inaweza kuwa imetumia 25 kwa miaka bila shida, kisha ikabadilisha mtoa intaneti Ijumaa na Jumatatu hakuna kinachotoka. Ibadilishe. Weka 465 pamoja na ulinzi wa SSL/TLS, au 587 pamoja na STARTTLS. Zingatia hizo jozi. 465 inataka mazungumzo yafichwe tangu neno la kwanza. 587 huanza wazi kisha hujificha. Ukichanganya, yaani 465 na STARTTLS, programu na seva zitaketi zikisubiriana hadi muda uishe, nawe utadhani intaneti ni mbovu.

Kwenye Thunderbird nenda "Account Settings", shuka hadi chini kabisa upande wa kushoto palipoandikwa "Outgoing Server". Wengi hawapaoni kwa sababu hapako chini ya jina la akaunti. Kwenye Outlook ya zamani ni "Account Settings", kisha "More Settings", kisha "Advanced". Ukitaka kuhakikisha kwamba poti iko wazi, fungua PowerShell kwenye Windows uandike:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Badala ya smtp.gmail.com weka jina la seva yako. Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, njia ipo na tatizo liko mbele zaidi.

Kuna hali moja ambapo hata kupokea hukwama: jina la kampuni kwenye mtandao limekwisha muda. Majina ya .co.ke, ambayo husimamiwa na KeNIC, hulipiwa kwa muda maalum. Malipo yakipita, tovuti na barua hulala pamoja. Fungua tovuti ya ofisi kwenye kivinjari. Ikiwa nayo haipo, mtafute anayelipia jina hilo, maana hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta.

Sasa kuhusu cheti cha usalama, yaani kitambulisho ambacho seva huionyesha kompyuta yako. Ukiona ujumbe unaozungumzia "certificate", angalia kwanza tarehe na saa, pale pembeni chini ya skrini. Ofisi nyingi za mjini zinatumia kompyuta za ex-UK, mashine imara ambazo betri yake ndogo ya ubao, ile ya mviringo iitwayo CR2032, imezeeka. Stima ikipotea usiku, asubuhi mashine huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Seva huonyesha cheti kilichotolewa mwaka huu, kompyuta inaona kwamba muda wa cheti hicho haujafika, na inakataa kuzungumza. Tovuti nyingi nazo hulalamika wakati huohuo, na hiyo ndiyo dalili kubwa. Rekebisha tarehe, tuma barua, kisha ununue betri mpya siku hiyohiyo. Ukiiacha, stima ikipotea tena utarudi palepale.

Kama tarehe ni sahihi, huenda jina ndilo halilingani. Umeandika mail. likifuatiwa na jina la kampuni yako, lakini cheti kilichoko kwenye seva kina jina la kampuni inayokuhifadhia tovuti. Waulize jina kamili la seva ulitumie hilo. Thunderbird itakupa nafasi ya kukubali cheti hivyohivyo kwa "Confirm Security Exception". Usikubali, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawani au ya hotelini. Onyo hilo lipo kwa sababu mtu aliyeketi katikati ya njia anaweza kujifanya seva yako na kuchukua nywila yako. Na kama mashine bado ni Windows 7 yenye Outlook ya 2010, inaweza kushindwa kwa sababu seva za siku hizi hudai toleo la ulinzi la TLS 1.2 kwenda juu, na mashine hiyo bila masasisho haijui kuitumia. Hapo mwambie mwenye ofisi ukweli: ni wakati wa kubadilisha programu.

Namba ninayoikuta zaidi ya zote ni 535. Maana yake seva haikukubali jina au nywila. Karani huniambia, "Lakini nywila ni hiyohiyo, kwenye simu inaingia!" Na anasema kweli. Kilichobadilika ni sheria za wenye seva. Google iliacha kukubali nywila ya kawaida kutoka kwa programu za nje kwenye akaunti za binafsi mwaka 2022, na kwa akaunti za kampuni mwaka 2025. Microsoft ilifanya hivyo kwa akaunti za binafsi za Outlook.com na Hotmail mwezi Septemba 2024. Nywila yako ni sahihi, ila mlango uliokuwa ukiipokea umefungwa.

Dawa ya Gmail kwenye Thunderbird ni hii. Fungua mipangilio ya seva ya kutuma, weka smtp.gmail.com, poti 465 na SSL/TLS, na kwenye "Authentication method" chagua OAuth2. Utakapotuma barua, dirisha la Google litafunguka, utaingia kama unavyoingia kwenye kivinjari, na Thunderbird itapewa kibali chake yenyewe. Dirisha likifunguka tupu au likizunguka bila mwisho, nenda kwenye mipangilio ya faragha ya Thunderbird uruhusu vidakuzi (cookies), kwa kuwa vikizuiwa ukurasa wa Google haukamiliki. Kisha rudia hayo kwa upande wa kupokea, la sivyo wiki ijayo utanipigia simu kuhusu barua zisizoingia.

Kwa Outlook ya zamani isiyojua OAuth2 kwa Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha utengeneze nywila ya programu. Google itakupa herufi 16. Hizo ndizo utakazoweka kwenye Outlook mahali pa nywila. Usiziandike kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Ukizipoteza, tengeneza nyingine ufute za kwanza.

Kwa barua za jina la kampuni zilizo kwenye seva ya kukodi, 535 huwa na sababu nyingine. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Ukiandika nusu ya kwanza peke yake, utakataliwa. Hakikisha nywila kwa kuingia kupitia kivinjari, kwa kawaida kwenye anwani ya tovuti yenu ikifuatiwa na /webmail. Ikikubali huko, programu ndiyo imeshika nywila ya zamani. Kwenye Thunderbird, ndani ya "Saved Passwords", utaona mistari miwili ya akaunti hiyohiyo: mmoja unaanza na imap:// au mailbox://, mwingine smtp://. Mtu hubadilisha nywila, programu ikamuuliza ya kupokea tu, na ile ya kutuma ikabaki ya mwaka jana. Futa mstari wa smtp:// na utume tena. Utaulizwa upya.

Lakini usijaribu nywila kwa kubahatisha. Seva nyingi huhesabu makosa, na yakizidi hufungia anwani ya mtandao (IP) yalikotoka. Ofisi nzima huwa na anwani moja ya nje, kwa hiyo mtu mmoja akikosea mfululizo, mhasibu na mkurugenzi nao wanafungiwa. Dalili ni ya ajabu mpaka uijue: asubuhi kulikuwa na 535 kwenye mashine moja, kufikia adhuhuri mashine zote zinasema "timed out", na kwenye hotispoti ya simu kila kitu kinaenda. Ukiona hivyo, acheni wote kujaribu. Piga simu kwa wanaohifadhi barua zenu muwape hiyo anwani ya nje ya mtandao wa ofisi waifungue.

Ujumbe wenye 530, au 550 yenye neno "relay", unamaanisha umefika kwenye seva bila kujitambulisha. Ni kama kuingia jengo la mjini bila kuacha kitambulisho kwa mlinzi: hata ukiwa mpangaji wa humo ndani, hatakufungulia lifti. Kwenye Outlook weka tiki palipoandikwa "My outgoing server (SMTP) requires authentication". Kwenye Thunderbird hakikisha njia ya uthibitisho si "No authentication".

553 ni jamaa yake wa karibu. Umejitambulisha kwa anwani moja, lakini barua inasema imetoka kwa nyingine. Nilikuta hili shuleni: mhasibu alikuwa na akaunti yake na ya ofisi kwenye Thunderbird moja, na zote zilikuwa zikipitia seva ya kutuma ya akaunti ya kwanza. Kila akaunti ina kisanduku cha kuchagua seva yake ya kutuma, chini kabisa ya ukurasa wake wa kwanza wa mipangilio. Chagua inayolingana na jina, na shida imeisha.

552, au maneno yanayotaja "size", ni kiambatisho kizito. Hapa watu wa zabuni huteseka bila kosa. Gmail inakubali kutuma hadi MB 25, mtu ana PDF ya MB 20, na bado inakataliwa. Sababu ni kwamba barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu. Kila faili hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kugeuzwa huko huongeza uzito kwa takriban theluthi moja. MB 20 zinakuwa kama 27. Kwa hiyo kadiria MB 18 kuwa mwisho wako, na ukumbuke kwamba seva ya anayepokea inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi. Angalia pia skana ya ofisi. Nyingi zimewekwa kuchukua rangi kwa 600 dpi, wakati mkataba wa maandishi unasomeka vizuri kwa 200 au 300 kwa nyeusi na nyeupe. Badilisha hapo na faili itapungua mara kadhaa. Isipopungua vya kutosha, ipakie Google Drive utume kiungo, lakini jiridhishe kwanza kwamba tangazo la zabuni linakubali kiungo.

Barua nzito inaweza pia kukwama kwenye "Outbox" ya Outlook na kuzizuia nyingine nyuma yake. Ikikataa kufutika, bofya "Work Offline" kwenye "Send/Receive", funga programu na uifungue tena, kisha ifute au uiburute hadi "Drafts".

Namba zinazoanza na 4, kama 421 au 451, ziache. Baadhi ya seva humkatalia mgeni mara ya kwanza makusudi, kwa kuwa watumaji wa barua taka hawarudi. Subiri robo saa utume mara moja. Isipokuwa kama umetuma barua ya mkupuo kwa wazazi wote wa shule: seva za kukodi huweka kikomo cha barua kwa saa, na ukikivuka utasubiri hadi saa ipite. Orodha ndefu zigawe.

Kuna ujumbe mmoja ambao si hitilafu ya kutuma kabisa, nao umeleta aibu nyingi. Thunderbird inasema barua imetumwa, ila nakala haikuweza kuwekwa kwenye folda ya "Sent". Mtu anaona alama ya onyo, hasomi, anatuma tena, na tena. Wakala mmoja wa mizigo alimjazia mteja wake nakala za hati zilezile, mteja akaanza kuuliza ipi ndiyo halali. Hapo barua imeshaondoka. Mara nyingi nafasi ya kisanduku kwenye seva imejaa, kwa hiyo futa au hamisha za zamani. Mpigie mpokeaji au mwandikie WhatsApp umuulize kama amepata kabla hujatuma nyingine.

Mwisho kuna zile zinazoondoka salama kisha jibu linarudi kutoka "Mail Delivery Subsystem" au "Mailer-Daemon". Hapa kompyuta yako imemaliza kazi yake, na programu haihitaji kuguswa. Soma namba ndogo zenye nukta. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo. Angalia herufi moja moja, na ufute ile anwani ya zamani ambayo programu hukumalizia yenyewe unapoanza kuandika jina. 5.2.2 ni kisanduku cha mpokeaji kimejaa, mpigie simu. 5.7.26 kutoka Gmail ndiyo nzito. Inasema seva yenu haijathibitisha kwamba ina ruhusa ya kutuma kwa jina la kampuni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya. Kila anayewatumia barua anatakiwa awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), na watumaji wakubwa wanatakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC (maelekezo ya kufanya nini na barua zisizothibitishwa). Hayo hurekebishwa kwenye rekodi za jina la kampuni, sio mezani kwako. Ofisi iliyohamishia barua zake Google lakini rekodi ya SPF ikabaki ya seva ya zamani itakataliwa hivi. Na ikiwa fundi ameongeza rekodi ya pili ya SPF bila kuondoa ya kwanza, zote mbili hazifai: lazima iwe moja tu.

Ukifika hapa utahitaji kuwaandikia wanaohifadhi barua zenu, na ukiwaandikia tu "email haifanyi kazi" mtapoteza siku nzima mkiulizana maswali. Tumia simu, maana barua ya kompyuta ndiyo imegoma, na uandike hivi:

"Habari. Leo saa nne na dakika kumi asubuhi (10:10 AM), saa za Nairobi, tumejaribu kutuma kutoka (anwani yetu) kwenda (anwani ya mpokeaji) kwa kutumia Thunderbird, seva (jina), poti 465, SSL/TLS. Tumepata jibu hili: (nakili maneno yote, pamoja na namba). Kupokea kunafanya kazi. Kuingia kupitia kivinjari kunafanya kazi. Kwenye hotispoti ya simu tatizo ni lilelile. Anwani yetu ya nje ya mtandao ni (namba). Tafadhali angalieni kumbukumbu za seva za wakati huo."

Anwani ya nje utaipata kwa kuandika "what is my IP" kwenye Google ukiwa kwenye mtandao wa ofisi, sio wa simu. Ambatisha ile picha ya kwanza uliyopiga, na usiwatumie nywila yako hata wakikuomba.